Majani Yanayobaki Shinani

Anayesafiri kutoka Chalinze akapita Mkata, Kabuku na Segera hadi Korogwe huuona mkonge umesimama kwa mistari kandokando ya barabara, mwingine umetunzwa ukapendeza, mwingine umemezwa na vichaka. Mistari hiyo ya barabarani haina habari kubwa ya kumpa. Msimamizi hodari huipalilia, na msimamizi mvivu huipalilia vilevile, maana ndiyo inayoonwa na wapita njia, na mwenye shamba akija mara moja kwa mwaka ndiyo inayompokea. Atakaye kujua shamba linatunzwaje sharti aingie ndani, atembee hadi mlio wa malori upotee, asimame mbele ya mche wowote, ainame, na ahesabu majani yaliyoachwa baada ya wakataji kupita.

Hesabu hiyo ndiyo roho ya kazi ninayotaka kuisifu hapa: kazi ya kumtunzia mkonge mtu asiyekuwepo. Katika wilaya za Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, imefanywa kwa zaidi ya miaka 100, na wengi walioifanya vizuri majina yao yaliishia katika daftari za mishahara. Vitabu viliwakumbuka wenye makampuni, mabwana wa London na Hamburg, na baadhi ya mameneja wa Kizungu waliokaa katika nyumba za juu ya kilima. Mimi nawafikiria zaidi wale waliokuwa miguuni mwa kilima, wenye macho ya kupita katikati ya mistari na kujua, bila kupima, kwamba kisu kimeingia ndani kuliko inavyopasa.

Mkonge wa kawaida, ule ulioletwa na Wajerumani, huishi miaka saba hadi 12 hivi. Katika maisha yake hutoa majani 200 hadi 250, kisha huchomoza mlingoti mrefu katikati, ukachanua, ukazaa vichipukizi huko juu, na mche ukafa. Idadi hiyo ya majani haibadiliki sana hata mtu afanye nini. Kinachobadilika ni urefu na unene wa kila jani, na hapo ndipo mkono wa msimamizi unapofanya kazi. Mkato wa kwanza huja mche ukiwa na miaka miwili hadi mitatu. Kanuni ya mashamba ya Tanga ni kuacha majani 25 hivi katika mkato wa kwanza, na 20 hivi katika mikato inayofuata. Hayo yanayoachwa ndiyo yanayokula jua na kuulisha mche hadi mkato mwingine. Yakipunguzwa yakawa 15 au 12, mche haufi. Unaendelea kuishi, ila jani linalofuata linakuja fupi na jembamba, na katika biashara hii urefu wa singa, yaani nyuzi zake, ndio bei. Yakiachwa mengi kupita kiasi, ya chini yanazeeka, yananyauka na kuoza bure.

Ubaya wa kukata mno ni kwamba hauonekani mwaka unapotendwa. Mwaka huo ndio wa mavuno makubwa: matoroli yanajaa, marobota yanapangana bohari hadi darini, na barua ya pongezi inatoka kwa mwenye shamba. Hasara huja baada ya mwaka mmoja au miwili, wakati mwingine msimamizi mwenyewe keshahamia shamba jingine, na anayelaumiwa ni yule aliyerithi miche iliyochoka. Kwa hiyo msimamizi mwema wa mkonge ni mtu aliyejifunza kukubali mwaka wa wastani. Sijui kazi nyingine ya shamba ambamo uaminifu wa mtu hupimika kwa kile alichokiacha pale pale kilipoota.

Na uaminifu huo hauna mtu wa kuutetea. Fikiria kila mmoja anataka nini. Mkataji hulipwa kwa kazi aliyomaliza, yaani idadi ya matita yenye majani 30 kila moja, na kwake ni nafuu kuchuma majani mengi katika mche mmoja kuliko kutembea kwenye miche mingi chini ya jua. Fundi wa mashine anataka mtiririko wa majani usikatike, maana mashine ikisimama inakula mafuta au umeme bila kuzalisha. Karani anataka tani zitimie kabla mwezi haujaisha. Mwenye shamba, huko aliko, anataka fedha. Katika mlolongo wote huo anayeusemea mche ni msimamizi peke yake.

Huusemea kwa miguu. Wakataji huingia shambani alfajiri, kabla jua halijawa kali, kila mmoja na mstari wake na kisu chake. Hukata majani ya chini, yale yaliyokwisha kulala nje, na kuyaacha yaliyosimama kuuzunguka mshale wa katikati. Huondoa mwiba wa ncha, hufunga tita, na kubeba matita hadi kando ya njia yalipo toroli au trela. Maji ya mkonge yanawasha ngozi vibaya. Miba nayo haichagui jicho wala goti. Msimamizi anayejua kazi hapigi kelele. Anapita nyuma ya wakataji, anasimama kwenye mche mmoja hapa na mwingine kule bila utaratibu wa kutabirika, anahesabu, anaangalia kama jani limekatwa karibu na shina au limeachiwa kigutu kirefu chenye nyuzi zinazopotea. Anavuta tita moja kutoka katikati ya rundo na kulifungua, maana tita pungufu halikai juu. Akikuta kosa anamwita mkataji, anamwonyesha mche wenyewe, kisha anaendelea. Mkataji aliyeonyeshwa kosa lake kwa heshima mbele ya mche hatalisahau, na aliyetukanwa mbele ya wenzake atalilipiza kesho kwenye mstari wa ndani ambako hakuna atakayemwona.

Mkonge wa nchi hii ulianza katika mikono ya watunzaji kabla haujawa na mashamba. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida kwa njia ya Hamburg. Vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Vilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Wenye mali walikuwa Berlin; Hindorf mwenyewe alikuwa mtu wa safari nyingi. Kuna watu walioipalilia ile miche 62, wakaikinga na wanyama, wakachukua vichipukizi vyake na maotea yake wakavigawa na kuvipanda tena, hata ikafika siku kilimo cha koloni zima kikasimama juu ya uzao wa bustani ile. Majina yao hatunayo. Kazi yao ilikuwa ile ile ya msimamizi wa leo: kuzuia mkono usichukue mapema.

Reli ilipofika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, mashamba yaliifuata bondeni, kwa sababu mkonge ni mzigo mzito kabla haujawa mzigo mwepesi. Katika kilo 100 za majani hutoka kilo nne hivi za nyuzi kavu; zilizobaki ni maji na makapi. Huwezi kusafirisha majani mbali, kwa hiyo kila shamba lilijengewa mashine yake, reli yake nyembamba ya matoroli, kambi zake, duka lake na zahanati yake. Kufikia 1913 koloni lilikuwa likiuza nje takribani tani 20,000 kwa mwaka. Kisha vita vikaja, na mashamba ya Wajerumani yakawekwa chini ya ofisi ya Msimamizi wa Mali za Adui, yakauzwa baadaye kwa Waingereza, Wagiriki, Wahindi, Waswisi na wengineo. Vita vya pili vikaja, na mashamba ya Wajerumani yakawekwa tena chini ya ofisi kama ile. Mara mbili ndani ya miaka 30 shamba likabaki, mwenye shamba akabadilika, na palizi ikaendelea. Hilo peke yake linaeleza mengi juu ya nani aliyekuwa akijua shamba.

Mpangilio wa wakati wa Waingereza ulikuwa mrefu. Juu kabisa walikaa wenye hisa na wakurugenzi Ulaya. Chini yao mawakala wenye ofisi Tanga. Chini yao meneja wa shamba. Chini yake wasaidizi. Kisha nyapara mkuu, na chini yake manyapara wa vikosi. Watu wa pwani waliuelewa mpangilio huo haraka kwa sababu walikuwa na wa kwao wa zamani. Katika mashamba makubwa ya Unguja, Pemba na mrima, mwenye shamba alikaa mjini, na shamba likawa mikononi mwa msimamizi, chini yake nokoa, na chini ya nokoa kadamu. Minazi na mikarafuu ilitunzwa hivyo kwa vizazi. Mkonge ulichukua mpangilio ule ule ukauongezea mashine na karatasi.

Karatasi iliyotisha kuliko zote ilikuwa kipande. Ilikuwa kadi yenye nafasi 30 za siku za kazi. Aliyemaliza kazi ya siku alitiwa alama. Asiyemaliza hakutiwa, na siku yake ikawa imepotea hata kama alitoka jasho tangu alfajiri. Mshahara ulikuja kadi ikijaa. Kwa watu waliotoka Kigoma, Songea, Njombe, Burundi na Rwanda, manamba waliosafirishwa mamia ya kilomita na ofisi ya kuajiri ya wenye mashamba, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, kadi hiyo ndiyo iliyoamua mtu arudi kwao na kitu au akae kambini mwaka mwingine. Na kalamu ya kuitia alama ilikuwa mkononi mwa nyapara.

Siwezi kuisifu kazi ya usimamizi nikaficha hilo. Mkonge huu ulijengwa juu ya watu waliotengwa na jamaa zao, wakalipwa kidogo, wakakaa kambini kama wageni, hata wale waliokuwa katika nchi yao. Manyapara waliopiga watu walikuwepo, na waliouza alama za kipande walikuwepo. Mgomo wa wafanyakazi wa mkonge wa Mazinde wa mwaka 1958 haukuzuka hewani. Lakini ndani ya mfumo ule ule walikuwepo manyapara walioweza kuendesha kikosi cha watu wa makabila kumi bila fimbo, waliojua nani ana homa na apewe kazi ya kuanika badala ya kukata, nani amefiwa, nani ni mkataji wa kweli na nani hajawahi kushika kisu. Wazee wa makambi ya Ngombezi na Magunga, watoto na wajukuu wa manamba waliobaki, bado hutofautisha manyapara wa aina hizo mbili. Hawa wema walikuwa wakilinda vitu viwili kwa pamoja, mche na mtu, wakati mkuu wao aliwauliza juu ya tani tu. Nawaheshimu zaidi kuliko meneja yeyote aliyepata kuandikwa.

Kuna ustadi wa ndani zaidi kuliko kuhesabu majani, nao ni kupanga umri wa shamba. Kwa kawaida mkonge hupandwa mistari miwili miwili: mita moja kati ya mstari na mwenzake, mita nne za njia kabla ya jozi nyingine, na sentimita 80 kati ya mche na mche. Hesabu hiyo hutoa miche 5,000 kwa hekta. Ukipanda shamba lote mwaka mmoja, litakua pamoja, litakatwa pamoja, na litatoa milingoti pamoja. Mashine itakufa njaa miaka mitatu ukingojea miche mipya. Kwa hiyo msimamizi hugawa ardhi katika vipande vya umri tofauti. Kila mwaka sehemu moja inang'olewa na kupumzishwa, nyingine inapandwa kutoka kitaluni, nyingine inapaliliwa tu, na zilizobaki zinakatwa. Anayepanda leo anailisha mashine ya miaka mitatu ijayo, pengine mashine atakayoiendesha mtu mwingine kwa faida ya mwenye shamba mwingine.

Mstari wa kwanza kufutwa katika bajeti ya mwenye shamba aliye mbali ni huo wa kupanda upya. Ni rahisi kuona kwa nini: hauingizi chochote mwaka huu. Bei ilipopanda wakati wa vita vya Korea mwaka 1951, na tena miaka ya 1963 na 1964, kila mmoja alitaka kukata. Mwaka 1964 Tanganyika, kinara wa mkonge duniani, ilizalisha takribani tani 230,000. Baada ya hapo nyuzi za plastiki zilishika soko la kamba, bei ikaporomoka, na wenye mashamba wengi wakaendelea kukata walichokuwa nacho bila kupanda. Mwaka 1967 serikali ilichukua hisa za mashamba mengi baada ya Azimio la Arusha, na ikarithi, pamoja na mitambo, maelfu ya hekta za mkonge uliokuwa unazeeka. Shirika jipya la umma nalo halikupanda vya kutosha. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000. Tunapenda kubishana kama kosa lilikuwa la plastiki, la utaifishaji au la mabepari waliokimbia. Kila moja lina sehemu yake. Ila ukiwasikiliza watu waliokuwa shambani, wanataja jambo jingine kwanza: vitalu vilikoma.

Korona nayo inahitaji msimamizi mwenye saa kichwani. Hiyo ndiyo mashine ya kusaga majani, na jina lake limebaki midomoni mwa watu wa Tanga hadi leo. Jani likishakatwa lisingoje; likipita siku mbili juani linakauka, nyama yake inaganda kwenye nyuzi, na singa inatoka na rangi mbaya. Korona inataka maji mengi yasiyokatika, na ndiyo sababu mashamba mengi yakashikamana na Mto Pangani na vijito vyake. Nyuzi zikitoka zimeoshwa huanikwa juu ya waya, na hapo mvua ya ghafla inaweza kuzishusha daraja. Kisha zinapigwa brashi, zinachambuliwa kwa urefu na rangi, zinashindiliwa katika marobota ya kilo 250. Msimamizi anayekata leo bila kujua hali ya korona, ya maji na ya mawingu anakuwa amekata hasara, hata kama kila mche ameuachia majani yake 20.

Handeni inamfundisha mtu mambo mengine. Mvua yake ni haba na haina ahadi. Mkonge huvumilia ukame, lakini jani la kiangazi kirefu huja fupi, na msimamizi wa Kabuku hawezi kuiga kalenda ya mwenzake wa bonde la Korogwe lenye maji. Hapo pia wapo majirani. Wazigua wa Handeni wanakumbuka njaa za wakati wa ukoloni, na ardhi iliyozungushiwa mkonge huku wao wakitafuta mahali pa mahindi ni jambo wasilolisahau. Msimamizi mjinga huajiri walinzi. Aliye na busara hutumia zile mita nne za njia: katika miaka miwili ya kwanza, kabla mche haujatanua majani, huwaruhusu wanakijiji kupanda mahindi na maharage katikati. Wao wanapata chakula, shamba linapata palizi, na mpaka unapata watu wanaoulinda. Ng'ombe wa wafugaji na moto wa kiangazi huzuiwa vivyo hivyo, kwa mazungumzo ya mapema na serikali ya kijiji na njia za moto zilizofyekwa kabla majani hayajakauka. Shamba lisiloendelezwa linaweza kufutiwa hati, na hilo limetokea katika mkoa huu. Kwa hiyo anayeishi vizuri na kijiji anailinda hata hati ya bwana wake.

Korogwe kwa upande wake imeupa ulimwengu wa mkonge ugonjwa wenye jina lake, madoa ya majani ya Korogwe, unaoshambulia zaidi ile aina chotara, 11648. Chotara hiyo ilizalishwa hapa hapa Tanga katika utafiti ulioanza Amani na kuendelezwa Mlingano, kituo kilichoanzishwa mwaka 1934, na hutoa majani mara mbili au zaidi ya mkonge wa kawaida kabla ya kufa. Ni zawadi kubwa ya sayansi yetu. Doa likiingia, nyuzi hutoka na alama na daraja hushuka. Mtu wa kwanza kuliona hatakuwa mtafiti. Atakuwa yule anayepita mistari ya ndani kila wiki, na kama anamjua ofisa wa kituo na ana simu yenye salio, kipande kizima kinaweza kuokolewa.

Siku hizi mwenye shamba asiyekuwepo si lazima awe Mzungu. Mwaka 1999 ulianza mpango wa kuwagawia wakulima wadogo vipande vya mkonge katika mashamba ya Hale, Magunga, Mwelya, Ngombezi na Magoma, na leo wakulima hao wamo katika vyama vyao vya ushirika, AMCOS. Wengine wameongeza mashamba nje ya hayo, hadi Handeni. Miongoni mwao wapo walimu, askari, wafanyabiashara wa Tanga na Dar es Salaam, hata Watanzania walio ng'ambo, wanaolima kwa simu. Fedha za palizi zinatumwa kwa simu, picha zinarudi kwa simu. Picha zina udhaifu ule ule wa mistari ya barabarani: mpigaji ndiye anayechagua pa kusimama.

Msimamizi ninayemsifu hutuma picha ya mahali pabaya kwanza. Hutuma kipande kilichoshikwa na magugu, na kusema magugu hayo yameingia lini na yatatoka kwa shilingi ngapi. Hutaja majani yaliyoachwa kwa mche, si matita yaliyotoka tu. Anaeleza kwamba zamu ya korona imesogea, hivyo hatakata wiki hii, na wakataji amewaomba wasubiri. Bei ikipanda na mwenye shamba akapiga simu kutaka mkato wa mapema, anajibu kwamba mkonge haujafika, na anaeleza sababu. Anajua jibu hilo linaweza kumgharimu kibarua. Nimewaona watu wa namna hii katika wilaya hizi, na heshima waliyo nayo mbele ya wakataji inazidi mbali mshahara wao.

Wengi wao hawana mkataba wa maandishi. Hawamo katika orodha ya mtu yeyote: mkulima ana namba yake ya AMCOS, shamba lina hati yake, robota lina daraja lake, na msimamizi ana ahadi ya mdomo. Nawaomba Bodi ya Mkonge na vyama vya ushirika vya Korogwe na Handeni wawaandikishe, wawapeleke Mlingano wakajifunze magonjwa na chotara mpya, na wawape cheti kinachotambulika. Nawaomba pia wenye mashamba mlio mbali: tumeni fedha ya palizi kabla mvua za masika hazijaanza, mwandikieni msimamizi mkataba, na mkija kutembelea, mwambieni awapeleke mistari ya ndani.